Maswali ya Wasomaji: Sindano Miligramu 1, Kidonge Miligramu 40

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinagusa jambo moja kwa namna tofauti: pakiti ya dawa inataja miligramu fulani, lakini kinachofika kwenye damu ni pungufu ya hapo, na upungufu wenyewe hautabiriki kwa kuangalia kidonge. Wafamasia wa safu hii wamejibu. Majibu ni ya kukuelimisha. Dozi yako ibadilishwe na aliyekuandikia.

SWALI: Wodini kwetu sindano ya propranololi, dawa ya moyo na presha, hutolewa miligramu 1. Mgonjwa huyohuyo akihamia kwenye vidonge anaandikiwa miligramu 40. Mwanafunzi wa uuguzi ameniuliza kama daktari hakukosea kuandika, nami sikuwa na maelezo ya kumtosheleza. Muuguzi, Tabora.

JIBU: Daktari hakukosea. Dawa inayofyonzwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba haiendi moja kwa moja moyoni. Damu inayotoka kwenye utumbo hukusanyika katika mshipa wa lango la ini, nao huipeleka kwenye ini kwanza. Ini la mtu mzima hupitisha karibu lita 1.5 za damu kila dakika, na takriban robo tatu ya damu hiyo huingia kwa mshipa huo. Tena kabla ya kufika huko, seli za ukuta wa utumbo zina vimeng'enya vyake, hasa CYP3A4, pamoja na pampu zinazoirudisha dawa utumboni. Kwa hiyo dawa ya kumeza hupunguzwa mara mbili kabla mwili haujaitumia: ukutani mwa utumbo, halafu ndani ya ini. Huo ndio umetaboli wa mpito wa kwanza. Asilimia ya dozi inayosalia na kuingia kwenye damu ya mwili mzima huitwa kiwango cha upatikanaji.

Hesabu yake ni ya kuzidisha. Chukua dawa ambayo asilimia 90 yake inafyonzwa, asilimia 70 ya iliyofyonzwa inavuka ukuta wa utumbo salama, na asilimia 40 ya iliyovuka inatoka salama kwenye ini. 0.9 × 0.7 × 0.4 ni kama 0.25. Katika miligramu 100 alizomeza mgonjwa, 25 tu ndizo zilizofika.

Propranololi hufyonzwa karibu yote, kisha ini huivunja kiasi kwamba kwa wastani robo tu hupita. Kidonge cha miligramu 40 huacha kama miligramu 10, nazo huingia taratibu kwa muda wa saa kadhaa. Sindano ya mshipa huingiza miligramu yote 1 ndani ya dakika moja na moyo hukutana nayo papo hapo. Hata ya sindano hupita kwenye ini baadaye, ila inakuwa imeshafika moyoni kwanza. Ndiyo maana sindano hurudiwa kwa miligramu moja moja, mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kuangalia moyo.

Mwambie mwanafunzi wako na jambo la pili, ambalo kwetu ndilo lenye uzito zaidi. Dawa yenye upatikanaji mdogo ndiyo inayoyumba sana. Ikiwa dawa hupita kwa asilimia 95 na ini likachoka kidogo, haiwezi kupanda zaidi ya 100, na mgonjwa hatahisi tofauti. Ikiwa hupita kwa asilimia 20 na ini likaanza kuachia 40, mgonjwa amepata dozi mara mbili bila mtu kugusa cheti. Kwa propranololi, watu wawili wenye uzito sawa waliomeza kidonge kilekile wanaweza kuwa na viwango vya damu vinavyopishana mara nyingi. Chakula peke yake huweza kukipandisha. Kwa hiyo mgonjwa achague: ameze na chakula kila siku, au bila chakula kila siku.

Wodi ya wazazi nayo iandike hili ukutani. Labetaloli ya mshipa kwa presha kali ya ujauzito huanzia miligramu 20 zinazosukumwa polepole kwa dakika 2 hivi; ya kumeza ni miligramu 200. Atakayenakili namba ya kidonge kwenye sindano amempa mama dozi mara kumi.

SWALI: Nikienda zahanati nikapewa vidonge naona kama nimedharauliwa. Sindano na dripu si zina nguvu zaidi? Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Inategemea ni dawa gani. Metronidazoli ya kumeza hufika kwenye damu kwa zaidi ya asilimia 90, na flukonazoli na doksisaiklini vivyo hivyo. Kwa mtu asiyetapika na anayeweza kumeza, chupa ya metronidazoli ya mshipani haimpi chochote ambacho kidonge hakingempa, zaidi ya gharama na tundu la sindano. Siprofloksasini hufika kama asilimia 70, na vidonge vimepimwa kwa kuzingatia hilo. Kinachoiharibu ni kuinywa na maziwa au dawa za kutuliza asidi ya tumbo, kwa sababu kalsiamu, magnesiamu na alumini huishika isifyonzwe. Parasetamoli hupita zaidi ya asilimia 80. Diklofenaki hupoteza karibu nusu kwenye mpito wa kwanza, lakini kidonge kimetengenezwa kwa kujua hivyo.

Kuna dawa ambazo hazina njia nyingine. Jentamisini na seftriaksoni hazifyonzwi utumboni, na insulini humeng'enywa kama protini ya chakula. Hapo ini halihusiki. Sindano pia ni lazima kwa mgonjwa asiyejitambua, anayetapika kila kitu, mwenye malaria kali, au ambaye maambukizi yameenea kwenye damu na presha inashuka. Nje ya hayo, sindano ya makalio isiyo ya lazima inaweza kuacha jipu au kuumiza mshipa wa fahamu wa mguu. Ukipewa vidonge sahihi hujadharauliwa.

SWALI: Shikamooni. Babu ana maumivu ya kifua ya moyo, akapewa vidonge vidogo vya nitrogliserini vya kuweka chini ya ulimi. Vinamchoma, kwa hiyo anavimeza kwa maji. Anasema havimsaidii. Mjukuu, Tanga.

JIBU: Marahaba. Babu anasema kweli, havimsaidii, kwa sababu amevipeleka kwenye ini. Nitrogliserini ni kati ya dawa zinazovunjwa na ini karibu zote kwenye mpito wa kwanza. Mishipa ya chini ya ulimi haiendi kwenye ini. Damu yake hurudi moyoni moja kwa moja, na ndiyo sababu kidonge cha miligramu 0.5 hutuliza maumivu ndani ya dakika 1 hadi 3.

Mfundisheni hivi. Maumivu yakianza, akae kwenye kiti, asisimame, kwa maana dawa hii hushusha presha ghafla na anaweza kuanguka. Kama kinywa ni kikavu, alowanishe kwa funda dogo la maji kwanza. Kidonge kikae chini ya ulimi mpaka kiyeyuke, bila kutafuna wala kunywa kitu. Maumivu yasipopungua ndani ya dakika 5, safari ya hospitali ianze hapohapo. Wakati usafiri unatafutwa anaweza kuweka cha pili, na cha tatu dakika 5 baadaye, visizidi vitatu. Maumivu yakiisha kidonge kikiwa bado, anaweza kukitema.

Tazameni na hali ya vidonge vyenyewe. Nitrogliserini hupotea hewani na hunyonywa na plastiki na pamba. Ikihamishiwa kwenye mfuko wa nailoni au kikopo cha plastiki, baada ya wiki chache babu atakuwa ameweka unga mtupu chini ya ulimi. Ibaki kwenye chupa yake ya kioo cheusi, kifuniko kikiwa kimekazwa, na baada ya wiki 8 tangu chupa kufunguliwa inunuliwe nyingine. Kuchoma ulimi si kipimo cha kutegemea cha uzima wa dawa. Na kama anatumia sildenafili au dawa za jamii yake kwa nguvu za kiume, amwambie daktari bila haya: zikikutana na nitrogliserini presha huporomoka kiasi cha kuua.

Asichanganye vidonge hivi na isosobidi mononitrati. Hiyo humezwa kila siku kuzuia maumivu, na ini haliivunji kwenye mpito wa kwanza. Hufika karibu yote.

SWALI: Mama yetu ana saratani. Hospitalini alidungwa mofini miligramu 10 kila baada ya saa 4. Alipotoka akaandikiwa mofini ya maji miligramu 30 kila baada ya saa 4. Ndugu wameogopa, wanampa theluthi moja tu, naye analia kwa maumivu usiku. Msomaji, Kampala.

JIBU: Mpeni dozi yote iliyoandikwa. Mofini ya kumeza hufika kwenye damu kwa wastani wa theluthi moja hivi, kwa sababu ini na ukuta wa utumbo huiunganisha na asidi ya glukuroniki. Miligramu 30 za kumeza zinalingana na miligramu 10 za sindano. Daktari hakumwongezea mama dawa, amembadilishia njia tu. Mkimpa miligramu 10 za kumeza, mnampa theluthi ya kile kilichokuwa kinamtuliza, na huo uchungu wa usiku ndio matokeo.

Hatari kubwa iko upande wa pili, siku atakayolazwa tena. Mgonjwa anayekunywa miligramu 30 akidungwa miligramu 30, amepewa mara tatu. Nendeni na karatasi inayosema wazi: mofini YA KUMEZA, miligramu 30.

Kosa la pili ni la kipimo. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Katika chupa ya miligramu 5 kwa mililita 5, dozi ya mama ni mililita 30. Katika chupa ya miligramu 50 kwa mililita 5, dozi ileile ni mililita 3. Mkichanganya chupa, mtakosea mara kumi. Someni maandishi ya chupa kila inapobadilishwa, msitegemee rangi ya maji, na pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai cha nyumbani hakina kipimo cha kuaminika.

Mpito wa kwanza hauangamizi mofini tu. Sehemu yake hugeuzwa kuwa mofini-6-glukuronidi, nayo hutuliza maumivu pia na hutolewa na figo. Figo zikidhoofika hujikusanya, na dozi iliyokuwa salama mwezi uliopita inaanza kumlaza mgonjwa. Mkimwona haamki kwa kuitwa, anapumua mara chache na kwa uzito, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali. Choo kigumu kitakuwepo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iende sambamba. Na akibadilishiwa vidonge vya mofini vya kuachia polepole, visisagwe wala kutafunwa, kwa maana dawa ya saa 12 itatoka kwa mara moja.

Mko kwenye nchi yenye msaada wa karibu kwa jambo hili. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, imeijenga huduma ya mofini ya maji huko, na tangu 2004 sheria imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kuiandika. Mwulizeni muuguzi wa namna hiyo kabla ya kupunguza chochote.

SWALI: Nina presha na natumia nifedipini. Uani kwetu kuna mbalungi na nanywa juisi yake kila asubuhi. Nimeambiwa ni hatari. Nikiacha saa tatu kati ya juisi na kidonge, si inatosha? Msomaji, Muheza.

JIBU: Haitoshi. Jambo hili lilijulikana huko London, Ontario, Kanada, mwaka 1989, pale David Bailey na wenzake walipokuwa wakipima pombe pamoja na felodipini, dawa ya presha iliyo ndugu ya nifedipini, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Felodipini ilipanda kwenye damu kuliko ilivyotarajiwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba juisi peke yake huipandisha karibu mara tatu ya inapomezwa kwa maji.

Balungi lina furanokumarini, ambazo hukiua kimeng'enya CYP3A4 kilichoko ukutani mwa utumbo. Hakilali kikaamka baadaye: seli lazima zitengeneze kingine, na hilo huchukua siku moja hadi tatu. Kwa hiyo glasi moja ya mililita 200 ya asubuhi bado inafanya kazi jioni na kesho yake. Ini haliguswi sana na kiasi cha kawaida cha juisi, ndiyo maana dawa ileile ikidungwa balungi haliibadilishi.

Zinazopanda sana ni zile ambazo kwa kawaida utumbo huzivunja kwa wingi. Simvastatini ya kolesteroli hufika kwa chini ya asilimia 5. Ukuta ukiacha kuivunja, nafasi ya kupanda ni kubwa, na ikizidi misuli huoza na kuziba figo. Atovastatini hupanda pia, kwa kiasi kidogo zaidi. Nifedipini yako hupanda kidogo kuliko felodipini, lakini ya kutosha kukuletea kizunguzungu, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Kabamazepini ya kifafa imo kwenye orodha. Amlodipini haibadiliki kwa kiasi cha maana, kwa kuwa tangu mwanzo hufika kwa asilimia 60 na zaidi. Lisinoprili, atenololi na hidroklorothiazidi hazipiti njia hiyo kabisa.

Machungwa matamu yenu ya Muheza kunywa bila wasiwasi. Danzi, lile chungwa chungu, lina kemikali zilezile za balungi. Juisi yake iache. Ama uache balungi, ama umwombe daktari akuhamishie amlodipini. Usipunguze kidonge ukaendelea na juisi kama fidia: balungi moja si sawa na jingine, na siku usipokunywa presha itapanda.

SWALI: Presha yangu ilikuwa imetulia kwa nifedipini. Nimeanza dawa za kifua kikuu, sasa ni wiki ya tatu, na presha imerudi juu kabisa. Nashuku duka limeniuzia dawa feki. Msomaji, Kisumu.

JIBU: Inawezekana kabisa dawa ni halisi. Mchanganyiko wa kifua kikuu una rifampisini, nayo huufanya utumbo na ini vitengeneze CYP3A4 kwa wingi kuliko kawaida. Nifedipini ya kumeza, ambayo hufika kama asilimia 40, imeonekana kushuka hadi kama asilimia 5 mtu akiwa kwenye rifampisini. Ongezeko hilo la vimeng'enya hukamilika ndani ya wiki moja hadi mbili, na ndivyo barua yako inavyosema.

Usiache dawa za kifua kikuu hata siku moja. Rudi kliniki ubadilishiwe ya presha, upewe inayotolewa na figo bila kupitia vimeng'enya hivyo: lisinoprili, hidroklorothiazidi au atenololi, kadiri hali yako inavyoruhusu. Wengine huongezewa nifedipini maradufu. Hatuipendi njia hiyo, kwa sababu tiba ya kifua kikuu ikiisha vimeng'enya hupungua kwa wiki mbili hivi, na dozi iliyoongezwa inakuwa sumu ya kushusha presha wakati ambapo mgonjwa haendi tena kliniki kila mara.

Rifampisini hugusa na nyingine. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, huongezewa, miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki. Sindano ya miezi mitatu inatumika bila shida.

SWALI: Shuleni kwetu hugawiwa prazikwanteli ya kichocho. Tunaambiwa watoto wale kwanza, lakini wengi huja na njaa. Chakula kinasaidia nini? Na mzee wangu mwenye kichocho cha ini, tumbo limejaa maji, apewe nusu dozi? Mwalimu, Ukerewe.

JIBU: Prazikwanteli hufyonzwa vizuri, kama asilimia 80, lakini ini huivunja kwa kasi sana, na inayofika kwa minyoo ni sehemu ndogo. Ndiyo maana dozi ni kubwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 1,200, yaani vidonge 2 vya 600. Wa kilo 45 anahitaji vidonge 3. Shuleni hutumika kijiti cha kupimia urefu badala ya mizani. Chakula hupandisha kiasi kinachofika, kiwe cha mafuta au cha wanga, na pia hupunguza kichefuchefu. Kwa hiyo uji mzito, viazi au wali kabla ya ugawaji ni sehemu ya tiba. Tungependa kila shule ipange siku ya kichocho iwe baada ya mlo, kuliko kuwalaumu watoto kwa kutapika. Vidonge ni vichungu mno vikikaa mdomoni. Vimezwe haraka kwa maji mengi, vinaweza kukatwa lakini visitafunwe. Anayetapika mara tu baada ya kumeza, mhudumu aambiwe.

Mtoto aliye kwenye rifampisini asipewe siku hiyo. Dawa itavunjwa karibu yote kabla ya kufanya kazi. Deksamethasoni, fenitoini na kabamazepini huishusha pia.

Kuhusu mzee. Mayai ya kichocho huacha makovu kando ya mishipa ya lango la ini. Damu ikishindwa kupita hutafuta njia za pembeni, na kupitia njia hizo dawa ya kumeza huingia mwilini bila kupita kwenye ini. Prazikwanteli hupanda, ni kweli. Lakini msimkatie dozi nyumbani. Apewe hospitalini, akiangaliwa. Jambo la kuhofia zaidi ni dawa nyingine atakazopewa. Propranololi ya kuzuia kutapika damu huanzishwa kidogo, kwa mfano miligramu 20 mara mbili kwa siku, na hupandishwa kwa kuhesabu mapigo. Mofini na dawa za usingizi nazo huanzia chini.

Albendazoli inayogawiwa pamoja nayo ina habari tofauti. Kwa minyoo ya utumboni, kufyonzwa kidogo ni faida: dawa hubaki kule minyoo iliko. Ila kwa uvimbe wa lava za tegu kwenye ubongo au ini, inayofanya kazi ni albendazoli sulfoksidi, ambayo hutengenezwa na ini kwenye huohuo mpito wa kwanza. Hapo inywewe na mlo wa mafuta, unaoweza kuipandisha kama mara tano.

SWALI: Kwa mtoto mwenye degedege tunaweka diazepamu njia ya haja kubwa. Ni kukwepa ini? Tabibu, Kigoma.

JIBU: Kwa diazepamu, hapana. Ya kumeza hufika karibu yote. Tunatumia njia hiyo kwa sababu mtoto hawezi kumeza na dakika zinahesabika. Miligramu 0.5 kwa kilo, kwa bomba dogo lisilo na sindano, sentimita 4 hadi 5 ndani, kisha bana makalio kwa dakika chache dawa isirudi.

Kwa dawa zinazovunjwa sana na ini, kina kina maana. Mishipa ya sehemu ya chini ya njia hiyo hurudisha damu kwenye mwili bila kupita ini, ya juu huipeleka kwenye mshipa wa lango. Kidonge kilichosukumwa mbali sana hupoteza faida, na kwa kuwa hakuna anayejua kimetulia wapi, dozi za njia hii huyumba.

SWALI: Aspirini ya miligramu 75 inawezaje kulinda moyo ikiwa nusu yake inavunjwa? Msomaji, Arusha.

JIBU: Kwa sababu inafanya kazi kabla ya kuvunjwa. Chembe sahani za damu zinazopita kwenye mshipa wa lango hukutana na aspirini nzima, na yeye huzifunga moja kwa moja maisha yao yote, siku 7 hadi 10. Ini likija kuigeuza nusu kuwa salisilati, chembe zimeshafungwa. Kuongeza dozi hakuongezi ulinzi huo; huongeza vidonda vya tumbo.

SWALI: Nina pumu, navuta budesonidi. Nimebadilishiwa ARV kwenda zenye ritonaviri, na daktari anataka kubadilisha dawa ya pumu pia. Kwa nini, wakati naivuta mapafuni? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Sehemu kubwa ya kila mvuto hutua kooni na kumezwa. Kwa kawaida ini huivunja kama asilimia 90 ya budesonidi iliyomezwa, na flutikasoni, dawa nyingine ya pumu ya kuvuta, zaidi ya asilimia 99. Usalama wa dawa hizi umejengwa juu ya mpito wa kwanza. Ritonaviri imewekwa kwenye ARV kwa kazi ya kuzuia CYP3A4: lopinaviri miligramu 400 bila ritonaviri 100 pembeni yake haifiki damuni kwa kiwango cha kutibu. Lakini kizuizi hakichagui. Steroidi unayovuta huanza kujaa mwilini, na baada ya wiki au miezi uso huvimba, sukari hupanda, na tezi za juu ya figo huacha kutengeneza steroidi zao.

Daktari wako yuko sahihi. Beklometasoni ndiyo inayopendelewa kwa mtu aliye kwenye ritonaviri. Salbutamoli ya kufungua kifua endelea nayo; salmeteroli iepukwe. Kama umeshatumia budesonidi na ritonaviri pamoja kwa muda, usiache steroidi ghafla kwa uamuzi wako, kwa sababu tezi zilizolala haziamki siku hiyohiyo na unaweza kuishiwa nguvu na presha. Mwambie daktari ulianza lini kila moja, na mvuto mingapi kwa siku.